Miguu Yetu Ina Matope

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo tunaloliimba mara nyingi na kulifanya mara chache, yaani kutakaswa moyo katika maisha ya kila siku.

Kila mtu akaaye Kakamega anayajua matope. Mvua yetu ni nyingi. Katika mwaka wa kawaida hukaribia milimita 2000, na siku nyingi zinazoanza na jua humalizika kwa ngurumo za jioni. Mtoto akitoka shuleni kwa njia ya mkato, hufika nyumbani na miguu myekundu hadi magotini. Mama yake hufanya nini? Humzuia mlangoni na kumwambia, "Nawa kwanza." Hamwambii, "Wewe si mtoto wetu tena." Wala hamlazimishi kuoga mwili mzima ikiwa alioga asubuhi ile. Humpa maji kwenye karai, mtoto huosha miguu, kisha huingia, hukaa na wenzake, hupewa chakula.

Sasa fungueni pamoja nasi Injili ya Yohana, mlango wa 13. Usiku ule kabla ya kusulibiwa, Bwana Yesu aliondoka mezani, akajifunga kitambaa, akatia maji katika bakuli, akaanza kuwatawadha wanafunzi wake miguu. Alipomfikia Petro, Petro alikataa kabisa. Yesu alipomwambia kwamba bila kutawadhwa hana sehemu pamoja naye, Petro aligeuka upesi akataka aoshwe na mikono na kichwa pia. Ndipo Bwana akamfundisha kwamba mtu aliyekwisha kuoga yu safi, na kinachobaki ni kuoshwa miguu tu.

Makosa mawili ya Petro

Ndugu mpendwa, Petro alikosea mara mbili kwa dakika chache, na makosa yake yote mawili yamo katika makanisa yetu.

Kosa la kwanza ni kukataa kuoshwa. Mkristo wa namna hii husema, "Mimi nimeokoka tangu zamani. Nilibatizwa. Mimi ni mzee wa kanisa, au ni mama wa umoja wa wanawake, au ni mwimbaji wa kwaya. Nioshwe nini tena?" Anasahau kwamba tangu siku ile ya kuoga ametembea mwendo mrefu. Amepita sokoni, ambako kipimo cha maharagwe kinaweza kupunguzwa kidogo bila mnunuzi kujua. Amepita ofisini, ambako faili hutembea upesi ikipewa kitu. Amepita katika ugomvi wa ndugu kwa ndugu. Miguu ina matope, na yeye anasimama mlangoni akionyesha cheti cha ubatizo.

Kosa la pili ni kutaka kuoga upya kila siku. Huyu naye huokoka katika kila mkutano wa injili. Mhubiri akija kutoka mbali, yeye hutoka mbele. Akija mwingine mwezi ujao, hutoka tena, kana kwamba Mungu alimtupa katikati ya safari. Huyu hana amani. Kila akianguka hufikiri amekoma kuwa mtoto wa nyumba. Ndugu, mtoto mwenye matope bado ni mtoto. Sikia neno la Bwana kwa Petro: umekwisha kuoga, sasa leta miguu.

Katika wilaya zetu hizi makanisa hayafanani juu ya jambo la maji. Marafiki, ambao kazi yao ilianzia Kaimosi mwaka 1902, hawabatizi kwa maji. Hufundisha ubatizo wa Roho ndani ya moyo. Waanglikana hubatiza hata watoto wachanga. Kanisa la Mungu na Wapentekoste huzamisha majini wale waliokwisha kuamini. Kanisa la Mungu, kama Waadventista, lina pia desturi ya waumini kutawadhana miguu. Hatukuja leo kuamua ni nani aliye sahihi. Twasema hili tu: awe ameingia nyumbani kwa mlango upi, kila Mkristo wa Kakamega hutembea katika njia zenye matope, naye ana haja ya karai.

Wazee wetu walifanya nini?

Jambo hili si jipya kwetu. Mwaka 1927, pale Kaimosi, mmishenari Arthur Chilson alihubiri juu ya Roho Mtakatifu, na watu wengi walianza kulia na kuungama dhambi zao kwa sauti. Baadaye palitokea kutoelewana kati ya misheni na wale walioshika njia hiyo ya maombi, na kutokana na mambo yale yakazaliwa makanisa ya Roho ambayo yapo hata leo miongoni mwa Waluhya. Watu wanaweza kuwa na maoni mbalimbali juu ya habari hiyo. Lakini neno moja ni wazi: Waluhya wa wakati ule waliona kwamba haitoshi kuandikwa katika kitabu cha kanisa huku moyo umefungwa.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1929, watu wawili walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Mmoja alikuwa Simeoni Nsibambi, Mganda. Wa pili alikuwa Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Gahini katika Ruanda. Katika miaka iliyofuata, uamsho uliwaka Gahini, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Mwisho wa miaka ya 1930 ulikuwa umefika hata Nyanza, jimbo ambalo wakati ule Kakamega ilikuwa sehemu yake. Wengi wetu tuliwaona wazee na akina mama wa uamsho ule, wale walioitwa "ndugu", wakisalimiana kwa wimbo njiani na kukumbatiana mbele ya watu.

Ndugu wale walikuwa na neno walilolipenda: kutembea nuruni. Walilitoa katika Waraka wa Kwanza wa Yohana, mlango wa 1, ambapo Mtume anafundisha kwamba tukitembea katika nuru kama Mungu alivyo nuruni, tuna ushirika sisi kwa sisi, na damu ya Yesu yatusafisha. Angalieni jinsi mambo haya mawili yanavyokwenda pamoja, kusafishwa na ushirika. Hawakusema, "Nimesafishwa mbele za Mungu, lakini na jirani sisemi." Waliamka wakaenda. Walilipa madeni na kurudisha vitu walivyoiba. Wazungu na Waafrika waliombana msamaha kwa kiburi na chuki waliyoficha. Hivyo watu wa nje walijua kwamba jambo fulani limetokea, kwa sababu jembe lililopotea lilirudi kwa mwenyewe.

Maji na moto

Hata hivyo, yako mambo yasiyotoka kwa maji matupu. Sisi wa Kakamega twaweza kulifahamu hili kwa urahisi, maana tuna dhahabu. Iligunduliwa hapa mwaka 1931, na mwaka uliofuata wageni walimiminika wakiitafuta. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifanya kazi hadi mwaka 1952, na hata sasa wako vijana na akina mama wanaochimba na kuchekecha katika sehemu hizo.

Mtazame mchimbaji. Akiwa na mchanga wa mtoni, huutia katika karai, huuzungusha na maji, na tope hujiendea lenyewe. Dhahabu, kwa kuwa ni nzito, hubaki chini. Lakini dhahabu nyingine imefungwa ndani ya jiwe. Jiwe hilo uliogeshe mchana kutwa, litabaki jiwe safi tu. Ni lazima livunjwe na kusagwa, kisha dhahabu ipite katika moto. Nabii Malaki, katika mlango wa 3, anamfananisha Bwana na mtu anayeketi kusafisha fedha kwa moto. Anaketi, yaani hana haraka, wala haendi zake akaiacha fedha katika tanuru.

Dhambi nyingine ni tope la leo: neno kali kwa mke, uongo mdogo dukani, wivu. Zioshwe leo. Lakini dhambi nyingine zimekuwa jiwe. Tumekaa nazo miaka mingi, tumejenga juu yake, tumezipa majina mazuri. Hizo zahitaji kuvunjwa.

Habari yetu wenyewe

Hapa hatuwezi kuendelea kunena juu ya watu wengine. Sisi tunaowaletea mazungumzo haya tulikuwa na jiwe la namna hiyo. Twalisema sasa kwa sababu mwenye haki ya kukasirika ametupa ruhusa tuliseme.

Shamba letu limepakana na shamba la mama mmoja mjane. Mnajua jinsi mashamba ya huku yalivyo membamba. Watu ni wengi na ardhi haiongezeki. Kila msimu tulipolima kwa plau ya ng'ombe, mfuo wa mwisho tuliusogeza kidogo upande wake. Mfuo mmoja tu. Kuna misimu miwili kwa mwaka, na tulifanya hivyo miaka saba. Miti ya mpaka ilipokauka hatukupanda mingine. Moyoni tulisema, "Wanawe wako Nairobi, hawalimi, magugu yangeota tu." Jumapili tulikaa naye katika kanisa moja na kushiriki meza moja ya Bwana. Lakini tulianza kwenda kanisani kwa njia ndefu ya mtoni, ili tusipite mbele ya nyumba yake. Tuliwaambia watoto kwamba njia ile ina kivuli.

Kisha baba yetu akafariki. Baada ya mazishi, siku ya kunyoa nywele, ukoo na majirani walikusanyika kama ilivyo desturi ya kwetu. Mzee wa ukoo aliuliza, kama inavyopasa, ni nani aliyemdai marehemu, na ni nani anayedaiwa naye, ili pasiwe na maneno baadaye. Mmoja alitaja ndama. Mwingine alitaja fedha za karo. Ndipo mama yule mjane akasimama. Alitutazama kitambo, kisha akaketi bila kusema neno.

Sisi tulijua. Deni lile halikuwa la marehemu, lilikuwa letu.

Mngefikiri tulikwenda kwake jioni ile. Hatukwenda. Zikapita wiki tatu, na katika wiki hizo tulihubiri mara mbili. Tuliomba usiku, "Bwana, tutakase," na kila mara tulihisi kama mtu anayejinawa mikono huku ameshika kaa. Mwisho wake tulikwenda kwa wazee wawili wa kanisa, tukawaambia yote, tukafuatana nao hadi kwa mama yule. Tulimwita mama, tukakosa maneno. Mzee mmoja akatuambia, "Semeni jina la kitu chenyewe." Tukasema, "Mama, tumeiba shamba lako."

Alijibu, "Nilikuwa nahesabu mifuo. Ni kumi na minne."

Tulipima kutoka kwenye mashina ya miti ya zamani. Zilikuwa hatua nne, toka barabarani hadi kijitoni. Tulirudisha sehemu ile pamoja na mahindi yaliyosimama juu yake, na kwa miaka iliyopita tulimlipa kama wazee walivyoamua. Zakayo alirudisha mara nne. Sisi hatukufika huko. Tulipomwomba msamaha alisema, "Shamba limerudi leo, wanangu. Mimi nitakuja pole pole."

Akaja pole pole kweli. Ulipita mwaka mzima kabla hajatupa mkono. Mwanzoni jambo hilo lilituudhi, kwa maana tulifikiri kwamba tukiungama sisi, basi yeye analazimika kusahau. Hilo nalo lilikuwa tope. Msamaha wake haukuwa mali yetu, hata tuudai kama karo. Lakini tangu siku ile hatupiti tena njia ya mtoni. Twapita mbele ya nyumba yake, twabisha hodi, na siku hizi anaitika.

Utaratibu wa karai

Ndugu mpendwa, labda wewe huna neno la mpaka. Unalo lako. Basi tufanye nini kila siku, ili tope lisiwe jiwe? Twawapa mambo manne.

Kwanza, tenga dakika chache kabla ya kulala, nawe mwombe Mungu akuchunguze, kama Daudi alivyoomba katika Zaburi ya 139. Ipitie siku yako tangu asubuhi. Jiulize: Leo nimemkwepa nani? Njia gani nimeizunguka? Mara nyingi dhambi hujulikana kwa watu tunaoogopa kukutana nao.

Pili, itaje kwa jina. Usiombe, "Bwana, kama nimekosa mahali popote." Daktari hawezi kukupa dawa ukimwambia, "Kama ninaumwa mahali popote." Sema, "Nimedanganya." Sema, "Nimemchukia ndugu yangu." Damu ya Kristo husafisha dhambi; haikumwagika kwa ajili ya udhuru wetu.

Tatu, osha mpaka pale tope lilipofika. Dhambi iliyo kati yako na Mungu tu, mwambie Mungu. Uliyemkosea mtu mmoja, mwendee huyo mmoja. Usimtangaze mbele ya kusanyiko. Uliyewakosea watu wote, kwa mfano ukila fedha za kanisa, uyaseme mbele yao wote na uzirudishe. Katika siku za uamsho wako waliopotea hapa, wakageuza maungamo kuwa mashindano ya kusimulia, hata wakataja dhambi za wenzao pamoja na zao. Tusirudie hayo. Na jambo la kumdhuru mtoto au mtu mnyonge lisifichwe kwa maombi ya faragha chumbani kwa mchungaji. Msamaha wa Mungu hauondoi wajibu wa kusimama mbele ya sheria na kumlinda aliyeumizwa.

Nne, ukiisha kuosha, ingia nyumbani. Wako Wakristo wanaoungama, kisha husimama mlangoni mwaka mzima wakitazama miguu yao. Yohana anatuambia kwamba Mungu ni mwaminifu na wa haki katika kutusamehe tunapoziungama dhambi. Mtoto aliyenawa anaitwa mezani, aende akale.

Neno la mwisho ni hili. Siku hizi wako watu wanaouza utakaso. Kuna maji katika chupa, kuna mafuta, kuna kitambaa, kila kimoja na bei yake; nao huahidi kwamba ukinyunyiza nyumbani, laana itatoka. Someni Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa 5. Naamani alipotakaswa mtoni Yordani, Elisha hakupokea hata shilingi. Aliyekimbia nyuma yake kutafuta malipo alikuwa Gehazi, naye alirudi na ukoma. Zaidi ya hayo, maji ya chupa hayatakutuma kwa jirani. Yatakuacha ulale na hatua zako nne za wizi, ukifikiri umesafishwa. Karai ya Yesu haina bei, lakini ukiisha kunawa humo utaonyeshwa njia ya kupita, na huenda njia hiyo ikapita mbele ya nyumba unayoikwepa.

Leo jioni mvua ikinyesha, na watoto wakiingia na matope, nawe ukiwaambia wanawe kwanza, jikumbuke na wewe. Na tuombe.

Bwana Yesu, wewe uliinama mbele ya miguu ya wanafunzi wako, hata miguu ya Yuda. Twakushukuru kwamba umetuogesha, nasi tu watoto wa nyumba yako. Twakuletea miguu yetu ya leo. Tutajie kwa jina yale tuliyoyaficha. Palipo tope, lioshe. Palipo jiwe, livunje. Tupe nguvu ya kwenda kwa yule tuliyemkosea, na saburi ya kungoja akija pole pole. Wakumbuke waliodhulumiwa wakanyamaza. Kwa jina lako takatifu twaomba. Amina.